Mtoto Angekua Tu: Ulinganisho wa Njia Tano za Kupima Mchango wa Miradi ya Hisani kwa Watoto Wadogo

Anayefadhili kisima hupata jibu lake mapema: maji yanatoka au hayatoki. Anayefadhili malezi ya watoto wadogo ana taabu nyingine, kwa sababu kile anachotaka kukipima hakitulii hata siku moja. Mtoto wa miaka minne aliyeingia chekechea mwezi Januari akihesabu mpaka tano, huenda mwezi Novemba akahesabu mpaka ishirini, na sehemu kubwa ya maendeleo hayo angeyapata hata kama angeshinda uani akicheza na ndugu zake. Mtoto hukua mradi uwepo au usiwepo. Kwa hiyo kila njia ya kupima, ya bei rahisi na ya bei ghali, ni jitihada ya kutenganisha kilicholetwa na mradi na kilicholetwa na umri, na njia hizo hutofautiana sana katika uwezo wa kufanya kazi hiyo.

Ulinganisho huu umeandaliwa kwa ajili ya wale ambao lazima wachague: kamati ya wakfu wa familia, jumuiya ya wenyeji waishio ughaibuni wanaochangia darasa la chekechea kijijini kwao, asasi ndogo inayotembelea kaya, au ofisa wa halmashauri anayeletewa ripoti mezani. Nimetumia neno "mchango" kwa makusudi badala ya "athari", kwa kuwa katika masikio ya wengi athari ni za mafuriko au za dawa za kulevya, na mzazi anayeambiwa kwamba tumekuja kupima athari za mradi kwa mwanawe ana haki ya kushtuka.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia itaulizwa mambo manne yaleyale. La kwanza ni swali gani hasa inalijibu, kwani njia nyingi hulaumiwa kwa kushindwa kujibu swali ambalo hazikuundwa kulijibu. La pili ni mzigo wake wa fedha, muda, wataalamu na vibali; kazi ikishakuwa utafiti, Tanzania mtu atahitaji kibali cha COSTECH, na Kenya cha NACOSTI, ambazo ni tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. La tatu ni mtego wake, yaani namna inavyoweza kumdanganya hata mtu mwaminifu. La nne ni nani inayemfaa.

Kuna jambo la tano ambalo sikulifanya kigezo kwa sababu halina mjadala, nalo ni stara ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuridhia kupimwa, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na taarifa zake zinalindwa kisheria, Kenya tangu mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria iliyotungwa mwaka 2022. Tena mpimaji akizungusha utepe kwenye mkono wa mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 akakuta chini ya sentimita 11.5, huyo ni mtoto mwenye utapiamlo mkali. Kuandika namba hiyo kwenye dodoso na kuondoka bila kuhakikisha amefika kituo cha afya ni kosa ambalo ripoti nzuri haiwezi kulifuta.

Njia ya kwanza: kuhesabu kilichofanyika

Swali linalojibiwa. Je, kilichoahidiwa kimetendeka, na kimemfikia nani? Hapa huhesabiwa siku ambazo mwalimu alifundisha, kaya zilizotembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, vikombe vya uji vilivyonywewa, na watoto waliohudhuria.

Mzigo wake. Ni mdogo. Daftari la mahudhurio, kadi za kliniki na mtu mmoja makini vinatosha, na kazi hiyo ni sehemu ya uendeshaji wa kila siku.

Mtego wake. Neno "wamefikiwa". Mtoto aliyekuja siku moja akanywa uji na asirudi, na mtoto aliyehudhuria mwaka mzima, wote huingia katika jumla ileile ya waliofikiwa, kisha jumla hiyo hupigwa picha na kupelekwa kwa mfadhili. Laiti ningekuwa na mamlaka ningelipiga marufuku neno hilo katika ripoti zote, na badala yake ningedai kuonyeshwa mahudhurio ya kila mtoto, umri wake, umbali wa nyumbani kwao, kama ana ulemavu, na idadi ya walioacha na sababu za kuacha.

Inamfaa nani. Mradi ulio katika mwaka wake wa kwanza, ambao bado unajifunza kutembea. Inafaa pia pale ambapo faida ya huduma imekwisha kuthibitishwa vya kutosha. Anayefadhili chanjo ya surua hana haja ya kuthibitisha upya kwamba chanjo hiyo inakinga. Kinachohitajika ni kuonyesha kwamba dozi zimefika kwa watoto waliokuwa hawajapata.

Njia ya pili: kuwapima watoto kabla na baada

Swali linalojibiwa. Watoto hawa walikuwa wapi kimakuzi, na sasa wako wapi? Vifaa vya kupimia vipo, na vinatofautiana kwa umri na kwa namna vinavyotumika. IDELA, iliyotengenezwa na Save the Children, hutumika kwa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi sita. Mtoto mwenyewe huketi na mpimaji na kufanya mambo kama kuhesabu vitu, kutambua herufi, kutaja marafiki zake na kuruka kwa mguu mmoja. MDAT ilitengenezwa Malawi kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka sita, baada ya kuonekana kwamba vipimo vilivyotoka ughaibuni viliwauliza watoto wa vijijini vitu wasivyowahi kuviona. GSED ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2023, ni ya watoto wa chini ya miaka mitatu, na msomaji wa pwani atafurahi kujua kwamba Pemba ni miongoni mwa mahali ilikojaribiwa mwanzoni, pamoja na Bangladesh na Pakistan. Ipo pia ECDI2030 ya UNICEF, yenye maswali 20 anayoulizwa mama au mlezi wa mtoto wa miezi 24 hadi 59. Hiyo ya mwisho ni fupi na inavutia, lakini iliundwa kwa ajili ya takwimu za taifa zima, na kuitumia kugundua mabadiliko katika vituo vitatu vya mradi ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya magunia.

Mzigo wake. Ni wa wastani. Wapimaji wanahitaji mafunzo ya siku kadhaa na mazoezi ya kupima mtoto mmoja wakiwa wawili, kila mmoja akiandika peke yake, mpaka majibu yao yafanane. Kupima mtoto mmojammoja huchukua muda, na lazima kufanyike mara mbili.

Mtego wake. Ndio ule tulioanza nao, umri, na hapa ndipo ripoti nyingi huteleza. Ripoti inayosema kwamba alama za watoto zilipanda kutoka 35 hadi 58 katika mwaka mmoja haijasema lolote kuhusu mradi mpaka ieleze watoto wa umri huohuo, waliopita miezi hiyohiyo bila mradi, walipanda kiasi gani. Nafuu kidogo hupatikana pale kunapokuwa na viwango vya umri. Kwa urefu, kwa mfano, viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 huonyesha mtoto wa umri na jinsia fulani anatarajiwa kuwa na urefu gani, na ndiyo maana udumavu huhesabiwa kwa kulinganisha urefu na umri badala ya urefu peke yake.

Mitego mingine ni ya mahali na ya mila, na wenyeji huijua kuliko wataalamu. Watoto waliopimwa wakati wa njaa ya kabla ya mavuno, kisha wakapimwa tena ghala zikiwa zimejaa, wataonekana wamenenepa kwa hisani ya mradi. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli atashindwa kuchora duara wakati vidole vyake vinajua kusuka ukili. Mtoto wa Kigoma anayeongea Kiha nyumbani, akiulizwa kwa Kiswahili sanifu, anapimwa lugha kabla ya kupimwa akili. Na mtoto aliyefunzwa kwamba si adabu kujibizana na mgeni mtu mzima atanyamaza, na ukimya wake utaandikwa kama kutojua. Wapimaji wazuri hukaa na watoto kwanza, hucheza nao, humwacha mama akae karibu, na huanza na jambo ambalo mtoto ataliweza. Mwalimu wa kituo asiwe mpimaji wa watoto wake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Inamfaa nani. Asasi inayotaka kuboresha kazi yake. Matokeo yakionyesha kwamba watoto wanasonga mbele katika kuhesabu lakini wamesimama palepale katika lugha, mwalimu anajua wiki ijayo aongeze hadithi na vitendawili. Kwa matumizi hayo njia hii ni bora sana, hata bila kundi la kulinganisha.

Njia ya tatu: kulinganisha na watoto wasiohudumiwa

Swali linalojibiwa. Watoto wa mradi wamewazidi wenzao wanaofanana nao? Mfano ulio karibu nasi ni mradi wa chekechea za Madrasa unaoungwa mkono na Aga Khan Foundation, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto 423 katika nchi hizo tatu wakiwa katika makundi matatu: wa chekechea za Madrasa, wa chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Wote walipimwa mwanzoni na kupimwa tena baadaye. Waliokwenda chekechea yoyote walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani, na wa Madrasa walisonga zaidi. Kundi lile la kati ndilo lililoupa utafiti uzito wake, kwa sababu bila hilo tungejua tu kwamba chekechea ni bora kuliko kukosa chekechea, jambo ambalo wazazi wengi hawakuhitaji kuambiwa.

Mzigo wake. Takribani mara mbili ya njia ya pili, kwa kuwa watoto wasiopata huduma nao lazima watafutwe, wapimwe na wafuatiliwe, na wazazi wao wana haki ya kuuliza watanufaika na nini.

Mtego wake. Mzazi aliyempeleka mtoto chekechea si sawa na mzazi ambaye hakumpeleka. Huenda amesoma zaidi, ana kipato zaidi, au ana ari zaidi, na ari hiyo humfikia mtoto kila jioni bila kupitia kwa mwalimu. Mtafiti anaweza kulinganisha elimu ya mama, idadi ya watoto katika kaya na aina ya paa, lakini ari haina dodoso. Kuwapima wote mwanzoni hupunguza tatizo bila kulimaliza.

Inamfaa nani. Mradi ambao tayari umeanza, na ambao haukuwa na nafasi ya kuchagua washiriki kwa kura ya bahati nasibu.

Njia ya nne: kuchagua kwa kura

Swali linalojibiwa. Mabadiliko haya yameletwa na mradi, wala si na jambo jingine? Vijiji au kaya huingizwa katika kura. Zilizotokea hupata huduma sasa, zilizobaki husubiri zamu au huendelea na huduma za kawaida. Kwa kuwa bahati ndiyo iliyogawa, wazazi wenye ari wamo pande zote mbili, na tofauti itakayoonekana mwishoni ina maelezo machache mengine.

Huko magharibi mwa Kenya jaribio la Msingi Bora liligawa vijiji 60 kwa namna hii, likiwa na kina mama na watoto wao 1,152. Baadhi ya vijiji vilipata mikutano ya vikundi vya malezi kila baada ya wiki mbili, vingine vikapata mikutano pamoja na kutembelewa nyumbani, na vingine havikupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto wa vijiji vya vikundi walisonga mbele katika utambuzi na lugha, na kwamba kuongeza ziara za nyumbani hakukuleta faida zaidi ya ile ya vikundi peke yake. Kwa mfadhili, jibu la namna hiyo lina thamani ya fedha taslimu, kwani kumtembelea mama mmojammoja ni ghali, na watu wengi wenye uzoefu wangeapa kwamba ziara ndiyo siri ya mafanikio.

Mfano mwingine ni wa Jamaica. Katika miaka ya 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa jijini Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi: wengine wakapata lishe ya nyongeza, wengine wakatembelewa kila wiki na mhudumu aliyemfundisha mama kucheza na mtoto, wengine wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wasiochezeshwa, huku lishe ya nyongeza peke yake ikiwa haikuacha faida ya kudumu ya namna hiyo. Ni watoto wachache, na Kingston si Kilosa. Hata hivyo, bila ule mgao wa awali hakuna mtu ambaye angeweza kudai, baada ya miongo miwili, kwamba mchezo wa utotoni umeonekana kwenye mshahara.

Mzigo wake. Mzito kuliko zote: wataalamu wa takwimu, vibali, miaka, na nidhamu ya kutobadilisha mradi katikati. Kura inapopigwa kwa vijiji, kinachohesabika ni vijiji zaidi ya watoto. Mradi wenye vijiji viwili, hata uwe na watoto mia tano, hauwezi kuitumia njia hii, kwa kuwa mwalimu mmoja hodari au mafuriko ya msimu mmoja yanatosha kuleta tofauti yote.

Mtego wake. Hujibu kwa uhakika swali dogo, kisha wasomaji hulibeba jibu hilo mpaka mahali lisipohusika. Kilichofanikiwa mikononi mwa watafiti walio makini kinaweza kufifia kikikabidhiwa kwa ofisi yenye gari moja bovu. Wengine huiona kura kuwa dhuluma, lakini nafasi zikiwa 40 na waombaji 200, sioni kwa nini uteuzi unaofanywa na mwenyekiti wa kijiji uhesabiwe kuwa wa haki kuliko kura iliyopigwa hadharani.

Inamfaa nani. Mradi uliokwisha kukomaa, unaokaribia kupanuliwa, na ambao mtu mwenye mamlaka anasubiri jibu lake ili aamue.

Njia ya tano: simulizi za wazazi na walezi

Swali linalojibiwa. Kwa macho ya wenyewe, nini kimebadilika, na kwa nini jambo hilo lina uzito? Njia iliyopangwa vizuri zaidi ya aina hii ilibuniwa na Rick Davies, mtaalamu wa tathmini ya miradi, akiwa Bangladesh katika miaka ya 1990. Simulizi za mabadiliko hukusanywa, kisha vikundi vya watu husoma na kuchagua ile yenye uzito kuliko nyingine, na sababu za kuichagua huandikwa. Sababu hizo ndizo data. Anayekusanya simulizi nzuri tano na kuzichapisha pamoja na picha hajapima kitu, ametengeneza kalenda.

Mzigo wake. Fedha kidogo, lakini muda mwingi wa kusikiliza, na mtu anayeijua lugha ya mahali.

Mtego wake. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mfadhili haujawahi kuwa mtupu. Mama anayetaraji uji uendelee mwakani hatasema mbele ya gari la mradi kwamba mwalimu anachapa watoto. Anayeuliza asiwe anayetoa, na swali la kilichoharibika liulizwe kwa uzito uleule wa swali la kilichotengemaa.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu, ikiwa ni nyongeza. Humo ndimo hujitokeza mambo ambayo hakuna kipimo cha mtoto ambacho kingeyauliza, kwa mfano dada wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akibaki nyumbani kumlea mdogo wake, ambaye sasa amerudi shuleni.

Kuchagua kwa kufuata hali

Ikiwa unafadhili darasa moja au mawili, hesabu mahudhurio kwa ukali, kusanya simulizi mara mbili kwa mwaka kupitia mtu asiyelipwa na mradi, na usiruhusu mtu akuuzie jaribio la kura. Fedha hizo ni mshahara wa mwalimu.

Ikiwa una vituo kumi na zaidi na unataka kujua pa kurekebisha, pima kabla na baada kwa kifaa kinacholingana na umri wa watoto wako, mara zote mbili katika msimu uleule wa mwaka, na wapimaji watoke nje ya vituo. Katika ripoti andika waziwazi kwamba hukuwa na kundi la kulinganisha.

Ikiwa mradi ulianza zamani na sasa unaulizwa umefanya nini, kulinganisha na wasiohudumiwa ndiyo njia iliyobaki, na ni vyema kutafuta kundi la kati kama walivyofanya watafiti wa Madrasa, yaani watoto wanaopata huduma nyingine ya kawaida. Kulinganisha na wasiopata chochote peke yake hurahisisha ushindi.

Ikiwa uko katika dharura, kwa mfano kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuna nafasi ya kumnyima mtoto chakula ili awe wa kulinganishwa. Utepe wa mkono, hesabu za huduma na rufaa zilizokamilika vinatosha.

Ikiwa mfadhili anadai uthibitisho baada ya miezi sita, mpe hesabu sahihi za utekelezaji na umweleze kwamba katika miezi sita kinachoonekana zaidi kwa mtoto wa miaka mitatu ni miezi sita.

Na ikiwa lengo ni kuishawishi halmashauri, au wasimamizi wa PJT-MMMAM, programu ya taifa ya Tanzania ya malezi na makuzi ya awali iliyozinduliwa Desemba 2021, basi kura ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, lakini ipangwe kabla ya upanuzi kuanza. Andika orodha ya vijiji vyote, amua vitaingia kwa awamu ngapi, na upige kura ya nani aanze mbele ya wenyeviti wao wote, kabla gari la kwanza la vifaa halijaondoka ofisini.